Kwa nini Wafilipino hawachoki kuzungumzia pipi za utotoni na michezo ya mtaani?

#1 Muuguzi_Doha (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Ninafanya kazi wodini hapa Doha pamoja na wauguzi wengi wa Kifilipino, na kuna jambo lao ambalo limenifikirisha kwa muda mrefu. Wakikaa kupumzika, mazungumzo hayachukui muda kabla ya kufika kwenye pipi za Choc Nut, polvoron, pastillas, na ule unga mtamu wa maziwa uitwao Mik-Mik, ambao mtoto huuvuta kwa mrija mwembamba mpaka apaliwe. Kutoka hapo huingia kwenye michezo: patintero (kuvuka mistari inayolindwa na wapinzani), tumbang preso (kuangusha kopo kwa kandambili), luksong baka (kumruka mwenzako aliyeinama), piko (kurukaruka kwa mguu mmoja kwenye visanduku vilivyochorwa chini). Nimewaona watu wazima, wenye watoto wa chuo kikuu, wakibishana kwa dhati kabisa kama mlinzi wa mstari katika patintero anaruhusiwa kumgusa mtu ambaye tayari amempita.

Sisi nasi tunaukumbuka ubuyu, kashata na kombolela, lakini sioni tukivikumbuka kwa uzito ule. Hoja yangu ni kwamba chanzo ni uhamaji. Tarehe 1 Mei 1974 Rais Ferdinand Marcos alitia saini Sheria ya Kazi ambayo iliifanya serikali yenyewe kuwa msimamizi wa kupeleka wafanyakazi nje, wakati nchi za Ghuba zilikuwa zinajengwa kwa fedha za mafuta. Watoto wengi waliozaliwa baada ya hapo walilelewa na bibi au shangazi huku mzazi mmoja akiwa Saudia au Hong Kong, na mtaa ukachukua sehemu ya malezi ambayo mzazi hakuwapo kuitoa. Leo watoto hao wako hapa pamoja nami, na wao wameacha watoto nyumbani. Ninaamini kwamba anayeitaja pipi ya duka la jirani anawataja watu waliokuwa wamelizunguka duka hilo. Naomba maoni yenu, hasa ya walioishi na watu hawa kwa karibu.

#2 Baharia_Tanga

Asante kwa mada, Mkuu. Nimefanya kazi melini na Wafilipino kwa muda mrefu wa maisha yangu, na ninachoweza kuthibitisha ni kwamba mifuko yao haikosi polvoron na maembe makavu ya Cebu. Choc Nut nimeionja mara nyingi: ni kipande kidogo cha karanga, maziwa na kakao, kimefungwa kwenye karatasi yenye mistari myekundu na myeupe, na ukikifungua bila uangalifu kinamong'onyoka chote mkononi. Wao wenyewe hubishana kuhusu namna ya kukila. Kuna wanaosema kiachwe kiyeyuke juu ya ulimi, na kuna wanaokiponda na kukichanganya na wali wa moto.

Hata hivyo hoja ya uhamaji hainiridhishi. Nahodha mmoja niliyefanya naye kazi alilelewa na wazazi wake wote wawili, katika kijiji cha wavuvi ambako hakuna hata jirani aliyekwenda nje, na ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote wa kusimulia habari za michezo ya usiku wa mbalamwezi. Kama chanzo ni upweke wa mtoto ambaye mzazi wake yuko ng'ambo, yeye tumweke wapi?

#3 Binti_Tondo

Habari zenu. Nimezaliwa Tondo, Manila, na ninaishi Mwanza na familia yangu, kwa hiyo mnazungumza habari za mtaa wangu na ninaomba kuongeza mambo ambayo hayajatajwa.

Kwanza ni duka. Kwetu kila kichochoro kina sari-sari, duka dogo kwenye dirisha la nyumba ya mtu, lenye wavu wa chuma na tundu la kupitishia mkono. Humo kila kitu huuzwa kwa kipimo cha mwisho kabisa: sigara moja, kitunguu saumu kwa punje, mafuta ya kupikia kwenye kifuko kidogo, na pipi moja moja kutoka kwenye mitungi mikubwa ya plastiki. Mtoto mwenye sarafu moja alikuwa mteja kamili, na mama mwenye duka alijua jina lake, jina la bibi yake na deni la nyumba yao. Aidha, chenji ikikosekana tulipewa pipi, na tulizoea hivyo mpaka ikatungwa sheria mwaka 2016 ya kuwakataza wafanyabiashara kurudisha kitu kingine badala ya fedha. Nilipofika Mwanza na kupewa pipi badala ya sarafu, nilijiona nimefika mahali ninapopajua.

Pili ni umeme. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Luzon, kisiwa chenye Manila, ilikuwa na mgao mkali sana, umeme ukikatika kwa muda wa saa nane mpaka kumi na mbili kila siku katika vipindi vibaya, hadi Bunge likampa Rais Fidel Ramos mamlaka ya dharura mwaka 1993. Jioni ikifika hakuna televisheni, hakuna feni, na ndani ya nyumba za mabati hakukaliki. Wazazi walitoa viti nje, nasi tukachora mistari ya patintero kwa maji au kwa chaki barabarani. Muuguzi_Doha, rika unalofanya nalo kazi ndilo hilo hasa. Mimi ninaona mgao ulitutoa nje wote kwa pamoja, wakubwa kwa wadogo, na hilo halijawahi kutokea tena kwa kiwango kile.

Kuhusu ubishi wa patintero: mlinzi hukaa juu ya mstari wake na hauachi, na kiongozi wao ndiye peke yake anayeweza kukimbia pia kwenye mstari wa katikati unaoikata mingine yote. Kumgusa aliyekwisha kupita kuliruhusiwa mtaani kwetu mradi miguu imebaki mstarini. Mitaa mingine ilikataa, na ndiyo maana wenzako hawataafikiana.

#4 Mkulima_Msomi

Nimesoma Los Baños, katika mkoa wa Laguna, ambako kuna chuo kikuu cha kilimo na ile taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga iliyopokea Waafrika wengi wa Mashariki. Naomba tuzitazame pipi zenyewe kabla ya kuzungumzia majonzi, kwa sababu naona tunazipita haraka.

Bukayo yao ni nazi iliyokatwa nyuzi na kupikwa kwenye sukari mpaka inate. Mtu yeyote wa Pwani akiionja atasema ni kashata. Panutsa ya Batangas ni karanga zilizogandishwa ndani ya sukari, nayo ni kashata ya karanga. Espasol ya Laguna hutengenezwa kwa unga wa mchele na tui la nazi. Ukwaju wao hupikwa na kuviringwa kwenye sukari na chumvi, na mkwaju ni mti wa Afrika uliosafiri mpaka huko zamani. Kakao nayo ililetwa kutoka Mexico kwa merikebu za Wahispania katika karne ya 17. Pastillas za mji wa San Miguel, Bulacan, hutokana na maziwa ya nyati wa kufugwa, na kuna wanawake huko wenye ufundi wa kukata karatasi za kufungia pipi hizo kwa mikasi midogo, wakitoa maua, nyumba na majina ya watu katika karatasi laini yenye rangi, kazi ya mikono ambayo mimi sijaona mfano wake kwingine.

Hata michezo ina undugu na yetu. Sungka ni ya jamii moja na bao: mashimo saba kila upande, nyumba kubwa moja kila mwisho, na kauri 98 ikiwa kila shimo linaanza na saba. Bao letu la kete 64 na mashimo 32 ni gumu zaidi, na hilo nalisema kwa heshima. Sipa ndio mchezo wao wa taifa: kirusha cha chuma chenye nyuzi za plastiki hupigwa kwa mguu kisianguke.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba wanakumbuka ladha ya ardhi yao, yaani miwa, nazi na maziwa ya nyati. Ukiwa Doha huwezi kuipata, na ulimi haudanganyiki.

#5 Wakili_wa_Pwani

Sahihisho dogo kwa Mkulima_Msomi. Mchezo wa taifa wa Ufilipino ni arnis, sanaa ya kupigana kwa fimbo, kwa mujibu wa Sheria ya Jamhuri namba 9850 ya mwaka 2009. Kabla ya hapo sipa ndiyo iliyofundishwa na kutajwa hivyo na watu wengi, na waliosoma shule kabla ya mwaka huo bado wataendelea kuitaja.

Pia sikubaliani na hoja ya ladha ya ardhi. Mik-Mik na polvoron hutegemea maziwa ya unga, na Ufilipino huagiza kutoka nje takriban maziwa yake yote. Pipi wanazozililia zaidi ni za viwandani, wala hazikutoka kwa nyati wa Bulacan.

#6 Mkulima_Msomi

Asante kwa sahihisho la sheria, Wakili. Kuhusu maziwa, unga huo ulifika kwa njia inayoeleweka: nchi ni ya joto, ng'ombe wa maziwa ni wachache, na Wamarekani walioitawala tangu 1898 hadi 1946 waliacha mazoea ya maziwa ya kopo na ya unga. Polvoron yenyewe ni ya Kihispania, na kule Andalusia hutiwa mafuta ya nguruwe na lozi. Wafilipino waliitengeneza upya kwa unga wa ngano uliokaangwa, maziwa ya unga, sukari na siagi. Kitu kilichogeuzwa na mama wa nyumba kwa vizazi kadhaa ni cha ardhi hiyo, hata kama mfuko wa maziwa umetoka New Zealand.

#7 Mkwe_wa_Iloilo

Habari, wakuu. Mimi ni Mkenya, ninaishi Winnipeg, Kanada, mji wenye Wafilipino wengi sana, na mke wangu ni mtu wa Iloilo, Ufilipino. Nitasema jambo ambalo huenda likawaudhi wengine: sehemu kubwa ya kumbukumbu hizi inakuzwa na biashara. Ukiingia katika maduka ya Kifilipino hapa utakuta rafu nzima ya pipi za utotoni, zimepangwa pamoja makusudi, Choc Nut, Flat Tops, Curly Tops, Haw Flakes na ile pipi ya Kifilipino ya White Rabbit yenye karatasi inayolika. Mke wangu huingia kununua samaki na kutoka na mfuko wa pipi. Sisemi kwamba hisia zake si za kweli. Ninasema kwamba kuna mtu aliyejua zitakuwapo na akaziwekea bei.

Watoto wetu nao wanakula pipi hizo bila hisia yoyote, na kwa maoni yao ni tamu kupita kiasi.

#8 Binti_Tondo

Shemeji, White Rabbit ni ya Shanghai, na Haw Flakes ni vidonge vya tunda la Kichina. Tulizipata kwa sababu wafanyabiashara wa Kichina wako nasi tangu kabla ya Wahispania, na Binondo, mtaa wa Wachina wa Manila, ulianzishwa mwaka 1594. Lakini ukimwambia Mfilipino wa rika langu kwamba White Rabbit si yake atakukatalia, kama alivyokwisha kukufundisha mke wako. Mwaka 2008 ziliondolewa madukani katika nchi nyingi kwa sababu ya sumu ya melamini iliyokutwa katika maziwa ya China, na kwetu watu walihuzunika kwa dhati.

Ninakataa hoja ya biashara kwa sababu moja. Tumbang preso haiuzwi. Inahitaji kopo tupu na kandambili uliyovaa. Mmoja hulinda kopo ndani ya duara, wengine hurusha kandambili kutoka nyuma ya mstari, na kopo likianguka kila mtu hukimbilia kandambili yake kabla mlinzi hajalisimamisha tena na kumgusa mtu. Luksong tinik inahitaji mikono na miguu ya watoto wawili walioketi, wakiipandanisha juu kidogo kidogo ili wengine waruke. Hakuna kampuni iliyopata faida humo, na kumbukumbu zake ni kali kuliko za pipi.

#9 Baharia_Tanga

Hapo nakuunga mkono, Dada. Na kombolela yetu ya kopo ina damu hiyo hiyo, ingawa kwetu wengine hujificha badala ya kurusha kandambili. Mama zetu wote wawili walilalamikia kandambili zilizokatika.

#10 Daktari_wa_Meno_Nairobi

Nimesoma uzi wote kwa makini na ninaona hakuna aliyezungumzia gharama. Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa Ufilipino wa mwaka 2006 ulikuta kwamba asilimia 97.1 ya watoto wa miaka sita walikuwa na meno yaliyooza. Karibu kila mtoto, wakuu. Wengi wao walikuwa na maumivu, walikosa shule na hawakula vizuri. Duka lenye pipi kwa sarafu moja, lililo hatua chache kutoka mlangoni na linalotoa pipi hata kama chenji, limo katika maelezo ya takwimu hiyo.

Kuna pia ile plastiki laini ya kwenye mrija mdogo wa chuma, ambayo watoto waliipuliza kuwa puto. Harufu yake kali ni ya kiyeyushi, na watoto walikuwa wakiivuta kifuani. Wizara ya elimu yao ilitoa miongozo ya vyakula shuleni mwaka 2017, na soda na vinywaji vya sukari vilianza kutozwa kodi maalumu mwaka 2018. Mambo hayo mawili naona ni mema, hata kama yanawahuzunisha wanaokumbuka.

#11 Mkwe_wa_Iloilo

Daktari amefungua mlango ambao nilitaka kuupitia. Mama mkwe wangu ni mzaliwa wa kisiwa cha Negros, ambacho hutoa zaidi ya nusu ya sukari ya nchi. Bei ya sukari duniani ilipoanguka katikati ya miaka ya 1980, mashamba yalisimama, vibarua wa miwa hawakuwa na kipande cha ardhi cha kulima chakula, na watoto wao walikufa kwa njaa katikati ya miwa. Mke wangu anapoanza kusimulia habari za pipi, mama yake hunyamaza au huenda jikoni. Tunapouliza kwa nini Wafilipino wanakumbuka hivi, tuulize pia ni Wafilipino gani.

#12 Mwalimu_Mstaafu

Nawashukuru wote, na hasa waliotangulia hapo juu, kwa sababu wameuzidishia uzi huu uzito unaostahili. Nimefundisha watoto maisha yangu yote na ninashuku kwamba tunatafuta sababu ya Kifilipino kwa jambo lenye sababu ya mahali pa kuchezea. Manila ni miongoni mwa miji iliyosongamana kuliko yote duniani. Kichochoro cha Tondo kilikuwa uwanja, ukumbi na varanda kwa wakati mmoja. Pikipiki na magari yalipoongezeka, uwanja ukatoweka. Wenye uwezo walihamia kwenye makazi yenye ukuta na walinzi, ambako kuna barabara tupu lakini hakuna watoto thelathini wa umri mmoja. Halafu likaja janga la Korona, na katika mwaka 2020 na sehemu kubwa ya 2021 watoto wa Ufilipino walikatazwa kutoka nje, huku madarasa ya ana kwa ana yakifungwa mpaka Novemba 2021. Nadhani wakubwa walipoona watoto wao wamefungiwa ndani kiasi hicho ndipo kumbukumbu zao zilipopata sauti mpya.

Tukiangalia Dar es Salaam, uwanja wa rede wa mtaani kwangu sasa ni maegesho.

#13 Binti_Tondo

Mwalimu, nakubali kuhusu ukuta, lakini watoto wa Tondo hawajaacha kucheza. Nilipokwenda kumzika baba yangu niliwakuta wanacheza tumbang preso palepale, wakisimama kila bodaboda yetu ya magurudumu matatu inapopita, na kuendelea. Simu wanazo na bado wanacheza. Walioacha ni waliohama mtaa.

Na Daktari, meno yangu nayo yalioza kama ya hao asilimia 97. Siwezi kukataa takwimu. Ninachoomba ni kwamba asubuhi za muuzaji wa taho zisihesabiwe katika kosa hilo: alipita na ndoo zake mbili za alumini kwenye mti wa begani, akiita kwa sauti ndefu, na ndani yake kulikuwa na soya laini ya moto, shira na vidonge vya sago. Ilikuwa kifungua kinywa cha watu wengi waliokwenda kazini bila kula.

#14 Wakili_wa_Pwani

Shira ni sukari, Dada. Daktari atakukamata.

#15 Muuguzi_Doha (mleta uzi)

Nimesoma kila mchango. Binti_Tondo, pole kwa msiba wa baba. Naona mgao wa umeme unaeleza rika moja vizuri, lakini wenzangu wawili wenye umri mkubwa zaidi, waliokuwa watoto miaka ya 1970, huzungumza vilevile. Wao huongeza habari za Nutribun, mkate mzito uliogawiwa shuleni kwa msaada wa chakula wa Marekani. Kwa hiyo bado naushikilia uhamaji. Swali langu kwa Mkwe_wa_Iloilo: je, ndugu za mke wako ambao hawakutoka kamwe wanakumbuka hivihivi?

#16 Mkwe_wa_Iloilo

Wanakumbuka, na pengine zaidi. Shemeji yangu mkubwa hajavuka bahari hata mara moja, ana duka la sari-sari Iloilo, na kila tukipiga simu yeye ndiye anayeanza kuorodhesha nani alikuwa mrukaji wa luksong baka na nani aliangukia mtaroni. Pipi hizo anaziuza kila siku, kwa hiyo si kwamba amezikosa.

#17 Muuguzi_Doha (mleta uzi)

Ahsante kwa jibu, lakini mimi nalisoma tofauti na wewe. Katika hao anaowaorodhesha, ni wangapi bado wako Iloilo? Mtu hahitaji kuondoka ili apoteze timu ya patintero. Inatosha wenzake waondoke.

#18 Mwalimu_Mstaafu

Hoja hiyo ina nguvu, ila inahitaji majibu ya watu wa mahali ambako vijana hawakuondoka kwa wingi. Baharia_Tanga, yule nahodha wako wa kijiji cha wavuvi, wenzake aliocheza nao wako wapi leo? Kama bado wako kijijini na yeye ndiye pekee aliyeondoka, itatubidi tuanze upya.